Kulaza boti, matela na malori nyumbani huku Marekani: milango mitatu ya kubisha kabla hujanunua

Mleta uzi (jimbo la Washington)

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu katika miezi michache iliyopita nimeombwa mara tatu kusoma na kufasiri barua ambazo ndugu zetu wamezikuta zimebandikwa kwenye kioo cha gari au zimeletwa na posta. Mara zote tatu kisa kilikuwa kilekile: mtu alinunua chombo cha kumpatia riziki au cha kujipumzishia, akakileta nyumbani kwa furaha, akakilaza mbele ya nyumba yake kama ambavyo angefanya Mbeya au Eldoret, kisha akashangaa kuambiwa kwamba amevunja sheria. Wa kwanza alikuwa na kichwa cha lori bila tela. Wa pili anafanya kazi za bustani na alikuwa na tela la futi 16 la kubebea mashine za kukatia majani. Wa tatu alinunua boti ndogo ya kuvulia samaki pamoja na tela lake, naye ndiye aliyesumbuka kuliko wote, ingawa alikuwa mtiifu kuliko wote.

Barua yake ya kwanza ilitoka kwa wasimamizi wa barabara, ikamtaka aiondoe boti barabarani. Aliiondoa siku hiyohiyo na kuiweka kwenye majani mbele ya nyumba yake. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka idara ya mipango miji, ikisema kwamba chombo cha aina hiyo hakiruhusiwi kuwekwa katika sehemu ya kiwanja iliyo kati ya nyumba na barabara, tena juu ya ardhi isiyowekewa sakafu. Akamwaga kokoto ubavuni mwa nyumba kwa fedha zake, akaisogeza huko. Ndipo ikaja barua ya tatu, safari hii kutoka chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa ule, ikimwambia kwamba masharti aliyoyakubali aliponunua nyumba yanakataza boti kuonekana kutoka barabarani. Aliniletea karatasi zote tatu akiwa ameamini kwamba kuna mtu mmoja anayemwandama. Kumbe zilikuwa sheria tatu tofauti, zinazosimamiwa na wakubwa watatu wasioulizana, na ukimridhisha mmoja hujawaridhisha wengine wawili.

Hilo ndilo ninaloomba lieleweke, kwa sababu karibu kila hasara niliyoiona imetokana na kudhani kwamba kuna sheria moja ya maegesho.

Mlango wa kwanza ni barabara. Barabara iliyo mbele ya nyumba yako si yako, hata kama wewe ndiye unayeondoa theluji kwenye njia ya miguu iliyo kando yake. Ni mali ya umma, na aliye na mamlaka juu yake ni jiji au kaunti. Jiji la Seattle haliruhusu gari lolote kukaa mahali pamoja barabarani kwa zaidi ya saa 72 mfululizo, na chombo chenye upana unaozidi inchi 80, yaani kama mita mbili na sentimita tatu, hakiruhusiwi kulala barabarani kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi isipokuwa katika maeneo ya viwanda. Kipimo hicho cha inchi 80 ndicho kinachowaponza wengi. Sheria ya shirikisho inaruhusu lori liwe na upana wa hadi inchi 102, na vichwa vya lori vinazidi 80 kwa mbali. Hata pikapu kubwa zenye tairi pacha nyuma hufikia kama inchi 96. Katika jiji la New York magari ya biashara hayaruhusiwi kuegeshwa katika barabara za makazi kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tela lililofunguliwa kutoka kwenye gari linalolivuta halina haki ya kukaa barabarani. Sheria ya magari ya California nayo inaziruhusu serikali za mitaa kuliondoa gari lililokaa barabarani kwa saa 72 au zaidi, pale zinapokuwa zimejitungia kanuni hiyo.

Mlango wa pili ni kiwanja chenyewe. Hapa ndipo watu wetu wanapokosa kuelewa kabisa, kwa sababu kwetu mtu akishazungushia ukuta eneo lake, kinachokaa ndani ni shauri lake. Huku kila kiwanja kimepangiwa matumizi, na kanuni za mipango miji zinaweza kueleza chombo kikae upande gani wa nyumba, juu ya sakafu ya aina gani, kwa umbali gani kutoka mpaka wa jirani, kiwe na urefu gani, na kama kinahitaji uzio wa kukificha. Miji mingi inaongeza kwamba chombo kiwe kimesajiliwa kwa jina la anayeishi hapo, kiwe kizima na chenye namba halali, na kwamba hakuna mtu anayelala ndani yake. Lori la mizigo linawekwa katika fungu lake, na mara nyingi halikubaliwi kabisa katika kiwanja cha makazi, hata nyuma ya nyumba.

Mlango wa tatu ni mkataba. Ukinunua nyumba katika mtaa wenye chama cha wamiliki, ambacho wengi hapa wanakijua kwa kifupi cha HOA, unakuwa umetia saini masharti yaliyoandikishwa pamoja na hati ya kiwanja. Masharti hayo si sheria ya jiji. Ni ahadi baina yako na majirani, na chama kinaweza kukutoza faini au kukupeleka mahakamani kwa kuyavunja. Mpangaji naye asijione yuko salama, kwa sababu masharti yanamfikia kupitia kwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo kabla hujalipia kichwa, tela au boti, ulizia milango hiyo mitatu, na upate jibu la maandishi kwa kila mmoja. Karani wa jiji atakujibu kuhusu mlango wa kwanza na wa pili. Hatakujibu kuhusu wa tatu, kwa kuwa haumhusu.

Karibuni mchangie, hasa wale mnaoishi majimbo mengine.

Mchangiaji wa 2 (Ohio)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Hata hivyo naomba niulize jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu. Mtaani kwetu kuna pikapu na boti za wenyeji zilizokaa tangu nilipohamia, na sijawahi kuona karatasi juu yake. Mimi nililaza tela langu la kubebea magari usiku mmoja tu, na asubuhi ya siku ya tatu nikapata notisi. Je, huoni kwamba sheria hizi zinatumika kwa kuchagua sura?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Ohio, swali lako ni la haki na sitalipita juujuu.

Kwanza, utaratibu wenyewe. Katika miji mingi hakuna mkaguzi anayezunguka mtaa kwa mtaa kupima boti. Ofisi inangoja malalamiko, na jirani anapopiga simu au kujaza fomu, mkaguzi anakuja kuangalia anwani iliyotajwa na anaondoka. Maana yake ni kwamba sheria ni moja, lakini anayeamua imguse nani ni jirani mwenye simu mkononi. Mgeni asiyejulikana mtaani anatajwa haraka kuliko yule aliyekaa miaka ishirini na kumpa kila mtu samaki wa kiangazi. Kwa hiyo sitakuambia kwamba upendeleo haupo. Upo, nao unaingia kupitia mlango huo wa malalamiko.

Pili, historia. Jimbo unaloishi lina nafasi yake katika jambo hili. Jiji la New York lilitunga kanuni zake za kugawa maeneo mwaka 1916, lakini kesi iliyoipa nchi nzima ruhusa ya kufuata njia hiyo ilitoka Euclid, kitongoji cha Cleveland huko Ohio, dhidi ya kampuni ya ardhi iliyoitwa Ambler Realty. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1926 kwamba mji unaweza kutenga maeneo ya makazi na kuzuia viwanda na biashara visiingie humo. Mkaguzi anapokuambia leo kwamba lori ni biashara na mtaa wako ni makazi, anasimama juu ya uamuzi huo wenye umri wa karne nzima.

Masharti ya hati yana historia chungu zaidi. Karatasi hizohizo zinazokataza boti leo ndizo zilizotumika, hapa Seattle na katika miji mingi, kuandika kwamba nyumba isiuzwe wala isikaliwe na mtu mweusi. Ni mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo ya rangi. Nalitaja hili ili anayehisi kwamba kuna harufu ya ubaguzi katika karatasi ya chama asidharauliwe. Ana sababu ya kihistoria ya kuhisi hivyo. Lakini kuhisi peke yake hakutaifuta notisi yako. Ukiona umeandikiwa wewe peke yako wakati vyombo vya aina ileile viko mita mia moja kutoka kwako, piga picha zenye tarehe, andika anwani, na uzipeleke kwenye kikao unapokata rufaa. Madai kwamba sheria inatumiwa kwa upendeleo yanasikilizwa yanapokuwa na ushahidi, na yanapuuzwa yanapobaki kuwa manung'uniko.

Mchangiaji wa 3 (Houston, dereva wa masafa marefu)

Wakuu, salaam. Mimi ninaendesha lori, na naomba niseme kwa niaba ya wenzangu, kwa sababu naona uzi unaelekea kutufanya sisi tuonekane wakaidi.

Sheria ya shirikisho inaniruhusu kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14, baada ya hapo sharti nipumzike saa 10 mfululizo. Kifaa cha kielektroniki kilichomo garini kinaandika kila dakika. Ninapomaliza mzigo saa nne usiku na saa zangu zikawa zimekwisha, nitakwenda wapi? Vituo vya malori vinajaa mapema jioni, na anayefika usiku anakuta magari yamepangana hadi kwenye njia za kutokea. Ndiyo maana dereva anakuja na kichwa nyumbani kwake, anakizima, analala na watoto wake usiku mmoja, na asubuhi anaondoka. Anayemwita huyo mvunja sheria ajue kwamba kuna sheria nyingine inayomkataza kuendelea kuendesha.

Napenda vijana wanaoingia kazi hii walijue jina la Jason Rivenburg. Alikuwa dereva wa New York, na mwezi Machi 2009 alifika South Carolina na mzigo wa maziwa mapema kuliko muda wa kupokelewa. Alikosa mahali salama pa kusubiri, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa, na hapo akapigwa risasi na kuibiwa dola saba. Mke wake alihangaika mpaka bunge likapitisha kifungu kinachoitwa Sheria ya Jason, mwaka 2012, cha kusaidia ujenzi wa maegesho ya malori. Miaka imepita na maegesho bado hayatoshi.

Kuhusu hapa Houston, watu huambiana kwamba huku hakuna mipango miji, kwa hiyo lete chochote. Ni kweli kwamba wapiga kura wa jiji hili walikataa kugawa maeneo mara tatu, mwaka 1948, 1962 na 1993. Lakini mahali pa mipango miji pamechukuliwa na masharti ya hati, na jiji lenyewe lina mamlaka ya kwenda mahakamani kuyatekeleza. Kwa hiyo mlango wa pili wa mleta uzi huku ni mdogo, na wa tatu ni mkubwa maradufu.

Mchangiaji wa 4 (mhandisi wa barabara)

Ndugu dereva, maneno yako yana uzito na sitayapinga. Naomba tu niongeze upande ambao kwa kawaida hautajwi katika barua za faini, yaani sababu za kiufundi.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 kulifanyika majaribio makubwa ya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, ambapo malori yalizungushwa usiku na mchana juu ya tabaka za lami na zege za unene mbalimbali. Kutokana na majaribio hayo wahandisi walipata kanuni ya makadirio kwamba uharibifu wa barabara unaongezeka kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya pauni 18,000 ina uzito mara tisa ya ekseli ya gari dogo la pauni 2,000, lakini uharibifu wake ni tisa mara tisa mara tisa mara tisa, yaani zaidi ya mara 6,000. Ni kweli kwamba kichwa kinachorudi nyumbani bila tela ni chepesi kuliko hivyo. Hata hivyo barabara ya mtaa imejengwa kwa tabaka jembamba kwa kuwa haikutarajiwa kupitisha hata hicho kila siku. Miguu ya tela lililofunguliwa ni mibaya zaidi, kwa sababu inabeba mzigo mkubwa juu ya kipande kidogo cha lami, na siku za joto inazama na kuacha mashimo.

Jambo la pili ni zimamoto. Kanuni za kimataifa za zimamoto, ambazo majimbo mengi yamezifuata, zinataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa futi 20 usio na kizuizi. Barabara nyingi za makazi za zamani, zikiwamo za Seattle, zina futi 25 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Lori la futi nane na nusu likisimama upande mmoja na gari dogo la futi sita na nusu upande wa pili, zinabaki futi kumi. Dereva wa zimamoto atapita kwa kunyata au hatapita. Mimi ninaamini kwamba hapa ndipo penye hoja halali ya sheria hizi, kuliko hoja ya kwamba boti linachafua mandhari.

Mleta uzi

Nawashukuru wote wawili, dereva na mhandisi.

Ndugu dereva, umenirekebisha na ninakubali. Nilipoandika mwanzoni nilimlenga mnunuzi asiyeuliza, sikumfikiria vya kutosha anayejua sheria na akaivunja kwa sababu amebanwa na nyingine. Ninachoweza kukushauri ni kwamba usiku mmoja wa dharura na mazoea ya kila wiki havitazamwi kwa jicho moja, na kwamba katika maeneo ya viwanda ya miji mingi, kama Seattle, kulaza lori barabarani kunaruhusiwa usiku. Wapo ndugu wanaoshirikiana watatu au wanne kukodi kipande cha yadi, wanalaza vichwa huko, kisha mmoja mwenye gari dogo anawazungusha majumbani. Kinachohitajika ni wenzako wa kuaminika na mkataba wa yadi unaoeleza wazi nani anawajibika gari likivunjwa kioo.

Kuhusu uzito wa faini kwa mtu maskini, iko kesi ya hapa Washington ambayo kila mtu anayetegemea gari lake kwa riziki aijue. Bwana mmoja, Steven Long, alikuwa akiishi ndani ya lori lake dogo lililokuwa pia na zana zake za kazi, na mwaka 2016 jiji la Seattle lililivuta kwa kukaa mahali pamoja zaidi ya saa 72. Alitakiwa kulipa dola 557 kwa awamu za dola 50 kila mwezi. Mwezi Agosti 2021 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba lori hilo lilikuwa makazi yake chini ya sheria inayolinda makazi, na kwamba kiasi hicho kilikuwa adhabu iliyopita kiasi kwa mtu wa hali yake, kinyume na katiba. Uamuzi huo haukufuta kanuni ya saa 72. Ulichosema ni kwamba uwezo wa mtu kulipa lazima uzingatiwe, na hilo ni jambo unaloweza kulitaja mbele ya hakimu bila haya.

Mchangiaji wa 5 (Florida)

Naongezea la kwetu, kwa kuwa bunge la jimbo hili limeingilia mlango wa tatu mara mbili. Mwaka 2023 lilipitisha sheria kwamba chama cha wamiliki hakiwezi kumkataza mtu kuweka vitu katika kiwanja chake, boti na magari ya kambi yakiwamo, iwapo havionekani kutoka mbele ya kiwanja wala kutoka viwanja vya jirani. Mwaka 2024 likaongeza kwamba chama hakiwezi kumzuia mkazi kuegesha gari lake binafsi, hata likiwa pikapu, mbele ya nyumba yake mahali anapostahili kuegesha, wala gari la kazi lenye maandishi ya kampuni, mradi si lori kubwa la biashara kwa tafsiri ya sheria ya jimbo.

Dada zangu wanaofanya usafi wa maofisi na wana magari yenye namba za simu ubavuni, karatasi ya chama mliyopewa zamani huenda imepitwa na sheria hiyo. Lakini kanuni za jiji zinabaki palepale. Mimi mwenyewe nilijenga uzio wa futi sita kuificha boti nikiwa nimeridhika na sheria ya jimbo, kumbe uzio nao ulihitaji kibali cha jiji.

Mchangiaji wa 6 (Minneapolis)

Kwa walio kwenye theluji, msisahau kwamba kuna siku ambapo hata gari dogo linakosa mahali. Hapa jiji linapotangaza dharura ya theluji, siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi barabara kuu zilizowekwa alama zinatakiwa ziwe wazi pande zote mbili. Siku ya pili kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ni upande wa nyumba zenye namba shufwa katika barabara nyingine. Siku ya tatu, kwa saa hizohizo, ni upande wa namba witiri. Chicago wana katazo lao la usiku, kuanzia saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi katika barabara kuu walizozitaja, tangu tarehe 1 Desemba hadi tarehe 1 Aprili, theluji iwepo au isiwepo. Mwenye tela lililokwama bila gari la kulivuta ndiye anayeumia kwanza.

Mchangiaji wa 7 (Dar es Salaam)

Wakuu wa ughaibuni, nimesoma uzi mzima kwa makini nikiwa hapa Temeke, ambako malori ya kontena yanalala kando ya nyumba zetu na watoto wanapita katikati ya tairi kwenda shule. Nimejiuliza kwa nini sisi hatubishi mlango wowote.

Uwezo upo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na rasimu inatakiwa itangazwe ili wakazi watoe maoni na pingamizi, kisha iidhinishwe na waziri mwenye dhamana na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Barabara za mitaa zina TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Kwa wenzetu wa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya usimamizi wa magari na maegesho. Mwenye lori wa hapa naye ana hoja kama ya dereva wa Houston: akilaza nje ya mji anaibiwa betri na mafuta, akilaza mtaani analindwa na macho ya jirani. Kwa hiyo ningependa sheria ndogo zetu zianze na yadi zenye ulinzi na taa, faini zije baadaye. Mkianza na faini, dereva atampa mgambo kitu kidogo na lori litabaki pale pale.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Temeke, umesema neno ambalo hata huku limechelewa kueleweka. Mji unaokataza bila kuonyesha mahali mbadala unahamishia tatizo mtaa wa pili tu.

Nimeulizwa faraghani na watu kadhaa kwamba mtu akishapata notisi afanye nini, nami nitajibu hapa ili wote wafaidike. Soma kwanza ni nani ameandika, kwa maana hiyo itakuonyesha ni mlango upi. Kisha tafuta namba ya kifungu kilichotajwa na ukisome chenyewe, usitegemee maelezo ya jirani wala yangu. Angalia tarehe ya mwisho ya kurekebisha na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, kwa sababu mara nyingi hazifanani, na ukingoja ya kwanza iishe unaweza kukuta ya pili imekwisha kupita. Mpigie mkaguzi simu kwa adabu kabla ya tarehe hiyo. Nimeona wakaguzi wakiongeza siku kwa mtu aliyepiga simu mapema na kueleza mpango wake, na sijaona hata mmoja akiongeza kwa mtu aliyekaa kimya. Usipoelewa Kiingereza cha kisheria, omba mkalimani. Miji mingi mikubwa inatoa huduma hiyo bila malipo, na Kiswahili kimo katika orodha zao mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kama kanuni yenyewe ndiyo mbaya, ipelekwe kwa diwani. Vikao vya halmashauri za miji viko wazi, na kwa kawaida mwananchi anapewa dakika mbili au tatu za kuzungumza. Madereva kumi wakienda na ombi moja la kufunguliwa mtaa mmoja wa viwanda kwa maegesho ya usiku, watasikilizwa kuliko dereva mmoja aliyekwenda kulalamikia faini yake.

Mwenye boti niliyeanza naye ameniruhusu niwaambie alipofikia. Mlango wa kwanza umekwisha, kwa kuwa boti haiko tena barabarani. Kwa mlango wa pili, mkaguzi alikuja akapima umbali kutoka mpaka, akakubali kokoto na mahali ilipo. Kwa mlango wa tatu, aliandika barua kwa kamati ya chama akiomba ruhusa ya kuweka geti la mbao la futi sita ubavuni mwa nyumba, akaambatanisha mchoro, na kwanza akauliza jiji kama geti hilo linahitaji kibali, jambo ambalo mchangiaji wa Florida ametufundisha kwa gharama yake. Kamati inakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Mpaka siku hiyo boti iko yadini kwa rafiki yake, na amenunua kifuniko kipya, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kinavuja.

Mchangiaji wa 2 (Ohio)

Nimezipiga picha zile boti za mtaani, tano kwa jumla, zikiwa na tarehe. Kikao changu ni tarehe 14. Nitaleta majibu hapahapa.